Jua lipo, umeme hamna: shajara ya sola ya nyumbani, Mikindani, Mtwara

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Paneli nne zimepanda juu ya bati leo. Ni za mtumba, wati 250 kila moja, zimenunuliwa Kariakoo pamoja na inveta ya mtumba (kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe kama wa nguzo) na kuletwa na basi. Hela ni ya korosho za Mama. Angeweza kuezeka upya banda la uani, au kununua kiwanja. Ameamua iende kwenye sola kwa sababu moja tu: friza. Mama anauza samaki na barafu, na umeme ukikatika kwa saa nyingi huwa anazunguka mtaani na ndoo akiuza vibua kwa bei ya kutupa kabla havijalegea. Nimekua nikiona hilo. Mradi huu ni wa kulikomesha.

Fundi ameniuliza paneli zikae upande gani wa paa. Nikamwambia kaskazini. Sisi tuko kama nyuzi 10 kusini ya ikweta, kwa hiyo kuanzia mwishoni mwa Februari hadi karibu na tarehe 20 Oktoba jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Miezi minane kati ya kumi na miwili, na ndani yake kuna kipupwe chote ambacho anga yetu ni nyeupe. Hiyo miezi minne ya jua la kusini kwa sehemu kubwa ni ya mvua, mawingu yanasambaza mwanga kila upande, hasara si kubwa.

Saa 5 asubuhi tumewasha. Yuniti za LUKU, umeme wetu wa kulipia kabla, zimeanza kupungua polepole. Mama ameshika kiuno anaangalia juu ya paa muda mrefu bila kusema kitu.

Jumamosi, 16 Novemba

Umeme umekatika saa 6 na robo mchana. Jua kali, hakuna wingu. Na nyumba yetu imezima kama ya jirani.

Nimekimbilia inveta. Taa nyekundu. Nimeizima, nimeiwasha, taa nyekundu. Nimepima nyaya zinazoshuka kutoka kwenye paa: volti 148. Paneli zinafanya kazi, umeme uko mlangoni mwa inveta, na inveta haitaki kuupitisha.

Mama ametoka jikoni. "Mwanangu, jua lote hili linatuchoma, umeme wake uko wapi?"

Sikuwa na jibu. Umerudi saa 11 jioni. Friza lilihimili kwa kuwa lilikuwa limejaa, lakini hela ya korosho ya mwaka mzima iko juu ya bati na haikutusaidia siku ile ile tuliyoinunulia.

Jumanne, 19 Novemba

Nimeelewa, na naandika kwa kirefu kwa sababu naamini wengi wananunua kitu hiki bila kuambiwa.

Kuna inveta za aina mbili ambazo kwa macho zinafanana. Aina ya kwanza haitengenezi mdundo wake yenyewe. Inasikiliza umeme wa nguzo, volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, kisha inasukuma umeme wa jua ndani ya mdundo huo huo. Mdundo ukinyamaza, inajitoa ndani ya sekunde chache. Imetengenezwa hivyo makusudi. Fikiria fundi amepanda nguzo kule Magomeni ya hapa Mtwara kutengeneza waya uliokatika, anajua laini imezimwa, kumbe paa moja la Mikindani linarudisha umeme kwenye laini hiyo. Umeme huo ukipita kinyumenyume kwenye transfoma unapanda hadi maelfu ya volti. Kwa hiyo kuzima kwake siku ya Jumamosi hakukuwa ubovu. Ilikuwa inalinda uhai wa mtu.

Aina ya pili ina betri, na inaweza kutengeneza mdundo wake. Umeme wa nguzo ukikatika inajitenga kwanza na waya wa nje, ndipo inaendesha nyumba peke yake, kama kisiwa. Wauzaji huiita haibridi.

Sisi tuliuziwa ya kwanza. Tena, kuiunganisha na umeme wa nguzo kunahitaji makubaliano na shirika la umeme, ambayo hatukuwa nayo, na mita ya LUKU haikuwekwa kwa ajili ya kupokea umeme unaorudi. Nimeizima leo na kuifungua nyaya. Paneli zinabaki.

Nimemweleza Mama yote, na la fundi wa nguzo. Akasema, "Basi hiyo ilikuwa na akili kuliko aliyeiuza." Kisha akauliza betri bei gani.

Jumamosi, 7 Desemba

Zimefika. Inveta haibridi ya kilowati 5, na betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampia-saa 100. Ukizidisha unapata yuniti 5.12. Hii ndiyo hesabu ninayotaka kila mwenye kununua betri aifanye: volti mara ampia-saa, gawa kwa elfu, ndizo yuniti, zile zile unazozinunua za LUKU. Mtu akikuambia "betri ya 200" muulize 200 ya volti ngapi. Ya volti 12 yenye ampia-saa 200 ni yuniti 2.4, na kama ni ya risasi (ile ya asidi, kama ya gari) usiitoe zaidi ya nusu, isije ikafa kabla ya wakati.

Tumeongeza paneli mbili za aina ile ile. Sasa ni sita kwenye msururu mmoja, wati 1,500. Mjomba amechangia mbili hizo, na ndiye aliyebeba betri kutoka stendi kwa bajaji akiwa ameipakata kama mtoto.

Jumapili, 8 Desemba

Nimeizima meini suichi kwa makusudi kujaribu. Taa hazikupepesa hata. Feni haikupunguza mwendo. Mama amepiga kigelegele.

Baada ya nusu saa mdogo wangu amefungulia pampu ya kisima, na nyumba yote ikazima. Pampu ni ya farasi moja, wati 750, lakini mota inapoanza kuzunguka huvuta mara tano au zaidi ya hapo kwa kitambo kidogo, na wakati huo friza lilikuwa linaunguruma na pasi iko moto. Inveta imejilinda.

Kosa ni langu. Nilimwambia fundi aunganishe nyumba nzima nyuma ya inveta.

Ijumaa, 13 Desemba

Mamlaka ya Hali ya Hewa inatangaza kimbunga Chido kinachokuja kupitia mkondo wa Msumbiji. Mwezi Mei kilipotua Hidaya kule Mafia, barabara ya kwenda Dar ilikatika Somanga na huku kusini tulikaa siku kadhaa bila mizigo. Nikakumbuka kwamba kioo kimoja cha paneli kikipasuka sasa, cha kubadilisha kitatoka Dar.

Nimepanda na mjomba, tumekaza boliti zote, tukaongeza klampu mbili kwa kila paneli na kuzifunga reli moja kwa moja kwenye mbao za kenchi. Za mwanzo zilikuwa zimeshika bati tu. Bati likinyanyuka lingeondoka na paneli zake.

Jumatatu, 16 Desemba

Chido kimetua jana Msumbiji, upande wa kusini mwa mji wa Pemba. Sisi tumepata upepo na mvua. Paneli zipo. Nawaza juu ya ndugu zetu wa ng'ambo ya Ruvuma. Wengi hapa wana shangazi na binamu kule.

Jumamosi, 21 Desemba

Siku nzima kwenye boksi la breka. Tumeligawa. Upande wa kwanza, unaopita kwenye inveta: friza, taa, feni mbili za vyumbani, televisheni, soketi moja ya simu na redio. Upande wa pili, unaotoka moja kwa moja kwenye mita: pampu, pasi, jagi la kuchemshia maji, soketi za sebuleni. Umeme wa nguzo ukikatika upande wa pili unakufa wenyewe na hakuna wa kukosea.

Palikuwa na kikwazo kilichotula saa tatu. Kila tulipowasha friza, breka ya kuvuja umeme, ile inayokata umeme ukipotea njiani, ilikuwa inaruka. Waya wa moto wa saketi ya friza tulikuwa tumeuhamishia kwenye inveta, lakini nyutro yake, waya wa kurudishia umeme, tuliiacha kwenye mkusanyiko wa zamani pamoja na nyutro nyingine zote. Umeme ulikuwa unatoka njia moja na kurudi njia nyingine, na breka ikihesabu kwamba umepotea. Kila saketi unayoihamisha, hamisha na nyutro yake. Mafundi wengi wanahamisha waya mmoja tu.

Kisha jambo la hatari zaidi. Tumezima meini, inveta inaendesha peke yake, fundi akagusisha testa kwenye soketi: inawaka matundu yote mawili badala ya moja. Nikapima. Kati ya waya wa moto na nyutro volti 230, sawa. Kati ya moto na eathi, waya unaokwenda ardhini, 118. Kati ya nyutro na eathi 111. Maana yake nyutro ilikuwa inaelea. Umeme wa nguzo unapokuwepo, nyutro imefungwa na ardhi huko nje kwenye mfumo wao. Inveta inapojitenga, kile kifungo nacho kinabaki nje. Ukiwa hivyo, bodi ya friza ikiguswa na waya wa moto, breka ya kuvuja haioni kitu, na Mama hulifungua friza akiwa na mikono iliyolowa.

Inveta hii ina swichi ndani yake ya kufunga nyutro na eathi pale tu inapojitenga, ila ilitoka kiwandani ikiwa haijawashwa kwenye mipangilio. Tumeiwasha. Tumepigilia nondo mpya ya eathi upande wa bafuni ambako udongo hauwi mkavu. Tukapima tena: nyutro na eathi, volti sifuri na ushei. Tumebonyeza kitufe cha kujaribia cha breka ya kuvuja, ikaruka. Hapo ndipo nilipokubali kula chakula cha mchana, saa 11 jioni.

Jumamosi, 18 Januari 2025

Tumepoteza samaki.

Mwanzoni mwa mwezi nilipanga inveta itumie jua kwanza, halafu betri hadi ishuke asilimia 20, ndipo ichukue umeme wa nguzo. Nilitaka kuokoa LUKU, na kweli tuliokoa. Kila usiku betri iliendesha nyumba, na kila alfajiri ilikuwa karibu tupu. Leo umeme umekatika saa 10 alfajiri ikiwa na asilimia 23. Imekufa kabla ya saa 11. Asubuhi ikaja na mawingu mazito, na inveta ikijizima kwa betri kuisha haiwaki tena mpaka betri ipande kiasi fulani. Saa 4 ndipo imeamka. Umeme wa nguzo ulirudi alasiri.

Mama alikuwa ameacha friza na samaki wachache waliopokelewa jana yake jioni, bado hawajaganda hadi ndani. Kilo 14 amezikaanga zote leo hii. Amekaanga kuanzia saa 5 hadi Magharibi, kwa moto wa kuni, wala hakunilaumu.

Betri moja haiwezi kuwa ya kuokoa hela kila usiku na hapo hapo iwe akiba ya siku ya giza. Lazima uchague asilimia ngapi ni ya kazi ipi. Nimechagua: katika miezi ya mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, betri haishuki chini ya 80 maadamu umeme wa nguzo upo. Kipupwe kikiingia nitaishusha hadi 50. Hela ya LUKU itaongezeka kidogo. Iongezeke.

Jumamosi, 25 Januari

Wazo la Mama, na kwangu ndilo bora katika shajara hii.

Amesema: "Wewe unahangaika kuweka umeme. Si uweke baridi?" Akanionyesha jinsi wavuvi wanavyolaza samaki kwa barafu wasafiri nao siku nzima bila umeme wowote.

Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hunyonya joto la kilojuli 334. Kilo 20 zinanyonya karibu yuniti 1.86 za joto. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya betri yetu, kwa gharama ya chupa tupu za maji. Ila barafu ya maji matupu inayeyuka kwenye sifuri, na samaki huanza kulegea kabla ya hapo. Maji yenye chumvi sehemu moja kwa sehemu tisa za maji huanza kuganda kwenye nyuzi 6.5 chini ya sifuri, kwa hiyo yakiyeyuka yanamshika samaki akiwa bado mgumu. Chumvi huku kwetu haikosekani, mashamba yake yako pwani yote hii.

Tumejaza chupa 16 za lita moja na nusu, tukaacha nafasi juu zisipasuke, tukazipanga chini na kandokando mwa friza. Mchana jua linazigandisha. Saa 2 usiku nimezima friza kwa majaribio, kipimajoto kikiwa nyuzi 17 chini ya sifuri. Saa 12 asubuhi: 9 chini ya sifuri. Samaki mawe.

Jumamosi, 22 Februari

Nimesimamisha mti wima uani. Saa 6 na nusu mchana na dakika chache kivuli chake kimeingia chini yake kikatoweka. Jua liko utosini. Kuanzia kesho linahamia upande wetu wa paneli.

Joto lakini. Nimepima mgongo wa paneli: nyuzi 63. Kila nyuzi moja juu ya 25 hupunguza nguvu kama asilimia 0.4, kwa hiyo mchana wa namna hii tunapoteza karibu 15 kati ya mia. Pengo la kidole kimoja kati ya paneli na bati halitoshi. Mvua zikiisha tutazinyanyua upepo wa kusi upite chini. Watoto wameniuliza kwa nini nimesimamisha mti, wakakaa nao mpaka kivuli kilipotokea upande wa pili.

Alhamisi, 13 Machi

Ramadhani, na mvua ya upepo tangu adhuhuri. Umeme umekatika saa 9 na dakika 40 alasiri. Betri asilimia 96. Friza nyuzi 18 chini ya sifuri, limejaa: changu, vibua, pweza, na barafu za watu za futari.

Saa 2 usiku nimezima friza, chupa zikapokea zamu. Taa tano, feni mbili, basi.

Ijumaa, 14 Machi

Daku, saa 10 na nusu. Mtaa wote giza, kwetu taa ya barazani inawaka. Majirani wameleta simu, nimehesabu 19. Bibi wa nyumba ya tatu ameleta chupa ya chai akakaa kwenye feni.

Saa 12 na nusu asubuhi betri imesoma 45. Nilitarajia 55. Nimefanya hesabu upya na mwizi nimemwona: inveta yenyewe. Inakula kama wati 50 muda wote hata isipowasha chochote. Toka jana alasiri imekula robo tatu ya yuniti peke yake, karibu sawa na feni zote mbili. Hilo halikuandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa.

Friza nyuzi 8 chini ya sifuri. Nimeliwasha saa 2 asubuhi.

Mchana kutwa mawingu. Paneli zimetoa yuniti 1.9 tu, na siku nzuri hutoa 5 na zaidi. Saa 8 mchana nimezima feni na televisheni, nikabakisha friza na taa. Mzee mmoja aliyekuja kuchaji simu ameniuliza: "Njomba, sisi tumekaa juu ya gesi, ya nini kuhangaika na jua?" Ni swali la haki. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na ndiyo inayozungusha mitambo ya umeme hapa Mtwara. Nikamwonyesha kwa kidole mnazi ulioangukia waya kule bondeni. Gesi haina kosa, mitambo haina kosa. Kati ya mtambo na friza la Mama kuna minazi mingi na mvua ya Machi. Akaitikia kwa kichwa, akaomba chaji ifike mia.

Jua kuzama, betri 35. Barafu zote za futari zimeuzwa, kwa bei ya kila siku. Kuna aliyemshauri Mama apandishe. Amekataa.

Umerudi saa 4 usiku. Watoto wamepiga kelele mtaa mzima, "Umerudiii!" Saa 30 na dakika 20. Betri 27. Friza nyuzi 14 chini ya sifuri. Samaki aliyeharibika: hakuna hata mmoja.

Jumamosi, 5 Aprili

Idi imepita, tumepumzika, narudi kazini.

Nimebadilisha mambo mawili. Usiku wa kukatika umeme, friza likiwa limezimwa na watu wamelala, naizima inveta kabisa kuanzia saa 6 hadi daku au alfajiri, na kila chumba kina taa ndogo ya kuchaji. Hiyo inarudisha kama robo ya yuniti kwa usiku. Pili, nimeandika kwa kalamu ya wino juu ya boksi la breka: nini kizimwe betri ikifika 60, nini ikifika 40, nini ikifika 30. Mdogo wangu anaweza kufuata nisipokuwepo.

Mama anataka friza la pili. Jana usiku nilikaa na daftari nikitafuta betri nyingine, bei ikanishinda. Leo nimeihesabu kwa njia yake: paneli mbili zaidi, za kugandishia mchana, na chupa. Mzigo wa usiku haubadiliki hata kidogo. Inveta ina nafasi, msururu utafika paneli nane na volti 300 hivi, bado uko chini ya kikomo chake.

Nimenunua chumvi kilo tano sokoni. Chupa 24 zimeoshwa, zinakauka ukutani.